Msiba wa Severina Wakati wa Chai

Kiwanda cha nguo cha Sega kiko Itigi, ng'ambo ya reli, na ukikitafuta huna haja ya kuuliza mtu; fuata mlio wa cherehani. Pale wanashona mavazi ya warina asali: overoli nyeupe nzito, glavu ndefu zinazofika kwenye kiwiko, na kofia za wavu ambazo mtu akizivaa hata mkewe hamjui. Nyuki wa vichaka vya Itigi hawana masihara. Aliyewahi kuwaendea na shati la kawaida hahitaji kuelezwa kwa nini kiwanda kile kilipata wateja.

Mwenye kiwanda ni Severina, mjane mtu mzima, mfupi, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Alianza na cherehani moja barazani kwake, akishona sare za shule, mpaka siku alipomjia mrina asali mmoja aliyevimba uso, akamwomba amshonee kitu kisichopitisha mwiba. Sasa chumba kizima kimejaa wanawake wanaoshona. Lakini anayekata ni mmoja tu. Severina anatandaza kitambaa mezani, tabaka juu ya tabaka, anachora kwa chaki bila karatasi ya vipimo, anatulia kidogo kama anayesikiliza, halafu mkasi mkubwa wa chuma unaanza kutafuna. Hakosei. Na mkasi ule hakuna mwingine aliyeugusa. Jioni unafungiwa kabatini, na ufunguo unaingia kwenye fundo la kanga yake.

Ofisini alikaa Damari, mkamwana wake, mke wa mwanawe Gasto. Gasto ni mtu wa reli, kazi imemweka Tabora na nyumbani huja mwisho wa mwezi. Kwa hiyo wanawake hao wawili waliishi peke yao nyumba moja, wakila sahani moja, na walipendana, jambo ambalo baadhi ya watu wa Itigi waliliona halijakaa sawa. Mkwe na mkamwana wapendane bila sababu? Wakawa wanaisubiri sababu.

Sababu ikaja kwa simu. Kampuni moja ya asali ya Dodoma ilitaka kuwavisha warina wake wote, kuanzia Itigi mpaka Rungwa. Oda ya namna hiyo Sega walikuwa hawajawahi kuiota. Na ilikuja wakati wake, maana sare za shule zilikuwa zimepungua, na Severina alishawaambia wanawake, akiangalia chini, kwamba hali ikiendelea hivi nusu yao itabidi warudi nyumbani. Hakuna aliyeuliza nusu ipi. Kila mmoja alianza kuwahi kazini kuliko mwenzake.

Ofisa ununuzi wa kampuni hiyo, dada mmoja aitwaye Lucy, alikuwa na sharti moja. Kiwanda walichokitumia mwanzo kiliungua, na warina wakakaa msimu mzima bila nguo, asali ikabaki mizingani. Safari hii, kabla ya kusaini, walitaka kuona mpango ulioandikwa: likitokea janga, kazi itaendeleaje?

"Mwandike tu mabaya yanayoweza kuwapata," alisema Lucy, "na mtafanya nini yakiwapata. Siyo kitu kigumu."

Siyo kitu kigumu! Lucy alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa hajawahi kukaa na watu wa Sega wakati wa chai.

Damari aliwakusanya saa nne, vikombe mkononi, akawaomba waseme mabaya yanayoweza kukipata kiwanda. Wakatazamana.

"Mabaya kama yapi?" aliuliza Martina, msimamizi wa washonaji, ambaye kanisani ndiye anayeongoza kwaya.

"Kama moto."

"Ushindwe!" Martina alijibu papo hapo, siyo kwa Damari, kwa moto.

Sikudhani, fundi wa zipu na wavu, akaweka mkono kifuani. "Mwenyezi Mungu atuepushe."

"Wizi je?"

"Kwani umesikia nini?" waliuliza watatu kwa pamoja.

Mwishowe mtu akapendekeza sindano kuvunjika, na wote wakafurahi, kwa kuwa sindano kuvunjika ni janga linaloweza kuandikwa bila kumdhuru mtu. Wakaongeza umeme kukatika, kwa sababu kutaja umeme kukatika siyo uchuro, ni habari. Baada ya hapo wakarudi kwenye vikombe vyao. Janga kubwa kuliko yote lilikuwa limekaa mwisho wa benchi, linapuliza chai yake, na hakuna aliyethubutu hata kulitazama. Siku Severina asipoamka, overoli ya kwanza itakatwa na nani?

Damari aliandika alichoweza. Moto: hatutarajii. Wizi: majirani zetu ni watu wema. Mkurugenzi akisafiri: tutamsubiri. Alijua ni upuuzi, alisomea biashara na cheti anacho, ila vidole viligoma. Nawe usimcheke. Wewe ungeandika nini, na mama mkwe yuko chumba cha pili anakohoa?

Lucy alipiga simu kesho yake. Kwanza alicheka, kicheko kizuri kisicho na dharau, kisha akaacha.

"Dada Damari, huu siwezi kuupeleka kwa bosi. Mnasema mkurugenzi akisafiri mtamsubiri. Na asiporudi?"

Damari alihamishia simu sikio la pili.

"Pole," alisema Lucy kwa sauti ya chini. "Najua maneno hayo hayatamkiki. Lakini hata wale wa mwanzo hawakutaka kuyatamka. Nipe mwingine Ijumaa. Ikipita hapo bosi atatafuta watu wengine, na mimi sitaweza kumzuia."

Jioni ile Damari alimkuta Severina uani, anachambua mlenda. Akamsalimia, akaketi, akaanza kuchambua naye. Aliyapanga maneno yake vizuri tangu ofisini, na yalipotoka yalitoka hovyo.

"Mama, nina swali la kazi. Siku ukiwa haupo, nani atakata?"

Mikono ya Severina ilisimama juu ya ungo.

"Nikiwa nimekwenda wapi?"

"Popote tu, mama."

"Damari. Unanichuria?"

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Hapana, mama. Ni ule mpango wa—"

"Baba yake Gasto aliwaita watoto wake akiwa mzima, anakula, anatembea. Akagawa ng'ombe. Huyu wako, huyu wako. Watu wakamsifu, wakasema mzee ana busara. Mahindi yalikuwa hayajakauka shambani tukamzika." Alisimama, majani yakamdondoka mapajani. "Sasa wewe unataka nigawe mkasi."

Akaingia ndani. Ugali wa siku ile haukuliwa na mtu.

Kuanzia hapo Damari alipoamkia shikamoo, marahaba ilikuja, lakini ilikuja nyembamba, kama ya mtu anayemjibu mpita njia. Kiwandani nako habari zilifika, sijui zilipita wapi, maana uani walikuwa wawili tu. Damari alipopita kati ya cherehani aliwasikia wakinyamaza. Na siku moja walichelewa kunyamaza, akamsikia Martina akimaliza sentensi yake: "...mkamwana amechoka kusubiri." Alirudi ofisini akafunga mlango, akalia. Alimpenda yule mama. Mama yake mwenyewe alifariki yeye akiwa mdogo, na Severina ndiye aliyemfundisha mpaka kusonga ugali wa uwele bila kuutia mabonge. Kupoteza oda ilikuwa jambo moja. Kuonekana anaihesabu pumzi ya mtu huyo, hilo lilimuuma mahali ambapo hakujua kuwa panaweza kuuma.

Alimpigia mumewe.

"Mwache mama," alisema Gasto.

"Nikimwacha, wanawake watarudi majumbani."

"Basi mwambie vizuri."

Ukiwa Tabora, kila mtu anaambika vizuri.

Alipokuwa akiosha uso kwenye ndoo ndipo Damari alipomkumbuka Mazengo.

Mazengo ni Mgogo wa Manyoni, mstaafu wa reli, sasa anauza asali pale sokoni na kuilamba zaidi ya anavyoiuza. Ukoo wake na ukoo wa Severina ni watani tangu enzi za mababu. Chanzo hakijulikani, kina Severina wanasema babu yake Mazengo aliiba fahali, kina Mazengo wanasema fahali aliondoka mwenyewe kwa kuchoshwa na njaa ya kina Severina. Na mtani, kama ujuavyo, hana uchuro. Akuite maiti, akuulizie jeneza lako limefika wapi, halikupati neno. Siku ya kumzika baba yake Gasto, kaburi likiwa wazi na watu wamejiinamia, Mazengo aliruka akaingia ndani, akalala chali, akasema hapa ni pake, aliwahi nafasi, hatoki mpaka apewe jogoo. Damari alikuwa bibi harusi mpya siku hizo. Alimwona Severina, ambaye tangu msiba utokee hakula wala hakutoa chozi, akicheka kwa nguvu ukingoni mwa kaburi la mumewe, na kicheko kikageuka kilio, na watu wakashukuru, kwa sababu sasa atapona.

Alimkuta mzee kibandani, kidole mdomoni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mbukwenyi," alijibu, akiongeza salamu ya kwao Ugogo. "Yule mchawi wenu hajafa?"

"Hajafa, babu, ndiyo shida yenyewe."

Neno lilishatoka. Damari akajiziba mdomo kwa mikono miwili, macho yakamtoka. Mazengo alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda, akaita majirani waje wasikie, kisha alipoona machozi ya yule binti akaacha kuita, akamvutia kigoda.

Damari akamweleza yote. Mzee alisikiliza bila kulamba kitu.

"Kwa hiyo unataka nimuue."

"Kwa maneno, babu."

"Kwa maneno ndiyo kazi yangu, nimerithi." Akafuta kidole kwenye suruali. "Hukuja mapema kwa nini? Watu wazima chumba kizima mnaogopa kusema, na mtani wenu yupo hapa anazeeka bure. Ila jogoo wangu yuko palepale."

Alhamisi, chai ikiwa imemiminwa, kilio kilisikika getini.

"Uwiii! Uwiii jamani! Severina ametuacha!"

Mazengo aliingia amejifunga kanga ya mkewe kiunoni, majivu usoni, mikono kichwani, akilia kwa Kigogo na Kiswahili. Watu wa maduka ya jirani walikuja mbio. Severina alikuwa mwisho wa benchi, kikombe chake mkononi, andazi limeumwa nusu.

"Mazengo," alisema, "mzee mzima huna kazi za kufanya?"

Mzee akasimama, akatega sikio. "Mmesikia? Kuna sauti kama ya marehemu. Marehemu hasemi! Jamani, mfunikeni, anapigwa jua."

Hakuna aliyesogea. Mazengo akamtolea macho Sikudhani, na Sikudhani, huku kicheko kinambana, akachukua kitambaa cheupe kilichokuwa kinasubiri kushonwa. "Samahani, mama," alinong'ona, akamfunika Severina kichwa mpaka magoti, kikombe na kila kitu.

Angeweza kukitupa kile kitambaa. Watu walisubiri waone kama atakitupa. Lakini kumkasirikia mtani ni aibu kubwa kuliko utani wenyewe, na Severina ni mtu anayejua adabu za kwao. Akatulia humo ndani.

Basi mzee akaanza kuzunguka chumba, akiomboleza.

"Severina, umekwenda, mlango wa ghala nani atatufungulia?"

"Ufunguo anao yeye!" alijibu mmoja nyuma, na watu wakacheka.

"Vitambaa vikiisha, vinaagizwa kwa nani?"

"Anajua yeye!"

"Cherehani zikifa, fundi anaitwa kwa namba ipi?"

"Anajua yeye!" Sasa Martina alikuwa ameshika kiitikio, hawezi kujizuia, koo la kwaya, na wengine wakamfuata kwa sauti mbili. Ilipendeza. Waliimba wakipiga makofi, machozi ya kicheko yakiwatoka, na Mazengo akazidi kuuliza. Mchanganuo wa saizi uko wapi? Anajua yeye. Mteja wa Rungwa anaitwa nani? Anajua yeye. Overoli ya mrina mnene inaongezwa wapi? Anajua yeye.

Sijui ni swali la ngapi ambapo kicheko kilianza kuchoka. Kiitikio kilikuwa kilekile, ila kila kilipoitikiwa walio mbele walilitazama lile umbo jeupe kwenye benchi, halitikisiki, na sauti zikapungua, mpaka akabaki Martina peke yake.

"Na mimi mtani wenu nikitaka kwenda porini, nani atanikatia nguo?"

"Yeye," alisema Martina.

"Na yeye yuko wapi?"

Sikudhani alikuwa analia, na siyo kilio cha utani. Hata Mazengo alisita. Alikuwa amemfahamu Severina tangu wote wana meno, na kumwona vile chini ya kitambaa kulimgusa. Lakini kazi aliyopewa alikuwa hajaimaliza. Akajifuta pua kwa kanga ya mkewe.

"Haya. Marehemu ameacha mkamwana. Yuko wapi? Njoo hapa. Wanasema umechoka kusubiri." Alilisema hivyohivyo, wazi, mbele ya watu wote, na Martina akaangalia viatu vyake. "Basi leo umefika. Ufunguo uko kwenye fundo. Chukua, ukate."

"Babu, hilo hatukukub—"

"Mfiwa habishani na mtani."

Damari alipiga magoti mbele ya benchi. Mikono yake ililitafuta fundo la kanga, na alipolifikia alisikia kiwiko cha Severina kikinyanyuka, kidogo tu, kumpisha. Alitaka kumwomba msamaha pale pale. Akachukua ufunguo.

Mkasi ulikuwa mzito kuliko alivyodhani, na mpini wake ulikuwa umelika kwa kidole gumba cha mtu mwingine. Mezani kitambaa kilikuwa kimetandazwa tangu asubuhi. Damari akachora mkono wa overoli kama alivyouona ukichorwa miaka yote, chaki ikimvunjikia. Watu wakamzunguka. Akakata. Mstari ulionyooka ulikwenda, akapata moyo kidogo. Alipofika kwenye kwapa akakunja, akalibana—

"Siyo hivyo!"

Kitambaa kilipaa. Kikombe kikaanguka. Severina alikuwa amesimama, nywele zimevurugika, andazi bado liko mkononi. Mazengo alipiga yowe, "Mzimuuu!" akatimua mbio, akajikwaa kwenye kanga, akaamka, akatoka getini akiwaambia wapita njia wajiokoe. Watu walikufa kwa kicheko. Kuna waliokaa chini kabisa, sakafuni, wakishikana.

Severina hakucheka. Alikuwa tayari mezani, anakagua lile kwapa.

"Mrina anapanda mti," alisema. "Ananyoosha mkono juu, hivi. Ukimbana hapa, nguo yote inapanda naye, kiuno kinabaki wazi, nyuki anaingia. Anaumwa akiwa juu. Anaanguka. Umeelewa? Kwapa liwe pana." Akashika mkono wa Damari, ulio na mkasi, kwa mkono wake mkubwa. "Toa hicho kidole. Weka hapa. Usiukamue, uache wenyewe ule."

Wakakata pamoja, polepole, tabaka zote. Vipande vilivyoharibika viliwekwa pembeni, vikaja kuwa glavu. Martina aliwafukuza watu wa jirani, akarudi akasimama karibu na Damari kwa muda bila kazi yoyote, kisha akamletea chai mpya, ameitia sukari nyingi mno.

Walipoondoka wote, jua likiwa bado liko juu ya maghala, Severina aliingia ofisini akavuta kiti.

"Mazengo hajawahi kutoka kibandani kwake kabla ya chakula cha mchana," alisema. "Nani alimwita?"

"Mimi, mama."

"Nilijua. Mle ndani ya kitambaa kulikuwa na joto. Nikawa nasikia tu. Kila kitu, 'yeye, yeye'. Nilifikiri ninawalinda, Damari. Kumbe niliwafungia wote kwenye fundo la kanga." Akatazama pembeni. "Na ile uani, nilikuonea. Niliogopa yaliyompata mume wangu, nikayamalizia kwako."

Damari akatikisa kichwa tu.

"Nisomee hiyo karatasi yako."

Akasoma kutoka kwenye kompyuta. Alipofika palipoandikwa mkurugenzi akisafiri, Severina aliinua kiganja.

"Nani kasema nasafiri? Futa. Andika akifa."

Vidole vya Damari vilibaki hewani.

"Andika, mwanangu. Nimeshaliliwa msiba wangu leo, nimebakiza kuzikwa tu. Andika."

Akaandika. Baada ya neno hilo mengine yalikuja yenyewe. Ufunguo wa pili wa ghala kwa Martina. Namba za mafundi na wauza vitambaa ubaoni, kila mtu azione. Vipimo vyote vikatwe kwenye makaratasi magumu, vining'inizwe ukutani. Ndoo za mchanga na mtungi wa kuzimia moto, na Martina aukemee moto akipenda, ila baada ya kuuzima. Kukata: Damari, na Sikudhani aanze kujifunza Jumatatu.

Lilibaki swali la mwisho, na Damari alilisoma akiwa hamtazami. Mkurugenzi akifa, kiwanda kinaweza kusimama kwa muda gani?

Severina alifikiri. Nje treni ya mizigo ilipita, ikatetemesha vioo, ikaisha.

"Siku ya kwanza msikate nguo ya mtu," alisema. "Mkate ya kwangu tu, ya kunizikia. Aikate Damari. Na kwapa liwe pana, nisibanwe."

Hapo Damari alilia kwa sauti, kichwa juu ya meza, kama mtoto, na Severina akamwacha alie, akimpapasa mgongo kwa ule mkono uliochoka kwa mkasi.

"Umemaliza?" aliuliza baadaye. "Haya, ongeza. Akishakata, ajifute macho. Kesho yake geti lifunguliwe saa ileile."

Mpango ulifika Dodoma Ijumaa. Jumanne Lucy alipiga simu, na safari hii hakucheka.

"Bosi amesaini," alisema. "Ameusoma mara mbili. Ila ameuliza, hapo mwisho, pale pa kwapa... nimwambie tupafute? Au?"

Damari alitazama dirishani. Ng'ambo ya uwanja Severina alikuwa amesimama mezani, chaki sikioni, kitambaa kimeshatandazwa, anamsubiri.

"Mpaache," alisema. "Ndivyo tutakavyofanya."

"Damari!" iliita ile sauti ndogo. "Njoo ukate."

"Nakuja, mama."